Komeo la Kaa Hapo na Mlango wa Mama Mkwe

Kila neno lililo hapa chini ni kweli tupu. Mwandishi yuko tayari kuliapia mbele ya padri na mbele ya pasta, kwa kuwa Machakos ina wote wawili na kila mmoja ana Biblia yake nzito. Msomaji atakayehisi kuwa chumvi imezidi na ajue kwamba mwandishi aliikuta chunguni, hakuja nayo.

Saa mbili asubuhi, kando ya barabara pale Mumbuni, Muema Kitonga ameinamia kipande cha chuma. Miwani myeusi imemkaa puani, cheche zinarukia viatu vyake, na simu inalia mfukoni mwa ovaroli. Anaiacha ilie. Inanyamaza, inaanza tena. Muema anazima mashine ya kuchomelea, anapandisha miwani hadi kipajini na kushusha pumzi ndefu.

"Huyo amejifungia," anasema kabla hata ya kuitazama simu. "Saa hii hakuna mtu hunipigia kuniuliza kama nimeamka vizuri."

Amejifungia kweli. Ni mwanamume, yuko ndani ya choo cha nje, na sauti yake inatoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi.

"Fundi, hii komeo yako imekataa."

"Haijakataa. Umevuta ama umesukuma?"

"Nimevuta."

"Nilikuambia uvute? Weka goti kwa mlango, usukume kidogo, ndio uinue kipini."

Chuma kinalia tak, mlango unakwaruza, na simu inakatwa.

"Hawasemangi asante," Muema anasema. "Nikiwauzia, wanasema nimewafanyia bei mbaya. Mwizi akishindwa, wanasema ni maombi. Wakijifungia wenyewe, hapo ndio wanakumbuka niko na namba ya simu."

Muema ana miaka arobaini na minne na anatengeneza kitu kimoja tu: makomeo ya milango. Si makufuli, wala si vitasa vya funguo. Ni komeo la kufungia kwa ndani, ufito wa chuma wenye unene wa kidole gumba, unaoteleza juu ya mlango na kuingia kwenye tundu la fremu. Kinacholitofautisha na makomeo ya dukani ni kipini kifupi kinachoanguka chenyewe nyuma ya ufito ukishaingia. Ukitaka kutoka, inua kipini kwa vidole viwili, kisha vuta ufito. Aliye nje hawezi kukifikia kipini hicho hata kwa waya.

Wateja wamelibatiza jina: Kaa Hapo.

Sifa zake zimetapakaa. Kuna nyumba Mumbuni ambayo mvua ya Novemba iliziangusha kuta zake zote nne, mlango ukabaki umesimama peke yake katikati ya matope, Kaa Hapo likiwa bado limeishika fremu. Mwenye nyumba, kwa mazoea, aliendelea kubisha kabla ya kuingia hadi alipojenga upya. Upande wa Kalama, mwizi aliusukuma mlango usiku kucha, usingizi ukamchukua akiwa ameuegemea, akaamshwa asubuhi na mama mwenye nyumba aliyemwomba asogeze miguu ili afagie. Mwandishi ameyapokea haya kutoka kwa watu wanaoheshimika, na kama kuna aliyeongeza kitu, si kingi.

Muema akisikia hadithi hizo hukunja uso. "Mambo ya nyumba kuanguka mimi sijui," anasema. "Mimi najua komeo."

Kabla ya makomeo alikaa Syokimau, karibu na Nairobi, miaka tisa akichomelea mageti ya watu wa ofisi. Yalikuwa mageti marefu yenye mikuki juu, mengine yakifunguka yenyewe mwenye gari akibonyeza kitu mkononi. Yeye alipanga chumba cha mabati chenye komeo la dukani. Siku moja aliamka akakuta mlango wazi, redio haipo, viatu vya kazi havipo. Mtu alikuwa amepitisha kipande cha msumeno kwenye upenyo wa mlango na kulisogeza komeo kidogo kidogo.

"Nilikuwa nimefungia watu mtaa mzima," anasema. "Mimi mwenyewe nikafunguliwa kama paketi ya unga. Na kilichoniuma si redio. Huyo mtu alinipita kitandani nikikoroma. Angetaka, angenifunika blanketi."

Siku hiyo hiyo alikata chuma akaanza kujaribu. Kaa Hapo la kwanza liliingia kwenye mlango ule ule.

Lakini kilichomrudisha nyumbani ni binti yake, Mutanu. Muema alikuwa akija Machakos mara moja kwa mwezi. Jumapili moja Mutanu, wakati huo mtoto wa miaka minne, alimshika mkono, akampeleka kwa jirani na kumjulisha: "Huyu ni mgeni wa mama."

"Nilicheka," Muema anasema. "Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaacha kucheka."

Huu ni mwaka wake wa tatu Mumbuni. Komeo moja anauza shilingi mia tano. Msimu wa mavuno, watu wakiwa na nafaka ya kulinda, biashara huchangamka. Shule zikifunguliwa, hakuna anayekumbuka kwamba ana mlango. Mwanakandarasi wa Syokimau aliyekuwa akimpa kazi amempigia mara mbili. Kuna nyumba mpya, kuna mageti mengi, na anataka jibu kufikia Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Tegemeo la Muema ni mwethya wa akina mama wa Kalama, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Msimu uliopita wezi waliingia nyumbani kwa wanachama kadhaa na kubeba ndengu zao. Kikundi kimeazimia kila nyumba iwekewe komeo, nyumba zaidi ya hamsini, lakini kwanza wanataka kuona moja likifanya kazi. Wameamua kuliona leo, saa nne, kwenye nyumba iliyotangulia kuwekewa. Ni nyumba ya mjane Kalunde, mama mzazi wa mke wa Muema.

"Nikipata hiyo kazi, Syokimau nitaiona kwa picha," Muema anasema. "Nikiikosa, Mutanu ataanza tena kunijulisha kwa majirani."

Simu inalia. Safari hii anaitazama, anaona ni mkewe, Wayua, na kuipokea upesi.

"Baba Mutanu, mwaitu amejifungia."

Muema anafumba macho. "Mwaitu nani?"

"Kwani niko na wangapi? Mama yangu. Yuko ndani na komeo haitoki. Akina mama wa mwethya wameanza kufika. Na kaka yangu Wambua ameenda kutafuta shoka."

"Mwambie asiguse huo mlango."

"Mwambie wewe. Mimi hanisikizi."

"Mama yuko sawa?"

"Yuko sawa kabisa. Anachambua ndengu. Anasema yeye hana haraka, wewe ndio uko na haraka."

Msomaji asiye wa Ukambani atauliza shida iko wapi, fundi si aende akafungue mlango alioutengenezea komeo mwenyewe. Shida ni kwamba kwa Wakamba wanaoshika desturi, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani ovyo, na mkwe haingii nyumba anamolala mama huyo. Ni heshima, na jina lake ni nthoni. Siku hizi wako wanaoketi meza moja na mama mkwe wakagawana kuku. Kalunde hayumo. Akimwona Muema njiani hukata kona akapitia shamba la mtu, naye Muema hugeuka kuutazama mti wowote ulio karibu. Wameheshimiana hivyo miaka yote ya ndoa, na kila mmoja humsifu mwenzake kwa watu.

Ndiyo sababu komeo la Kalunde halikuwekwa na aliyelitengeneza. Wayua aliupima mlango kwa uzi, akauleta uzi Mumbuni. Muema akatengeneza komeo kwa kipimo cha uzi. Kaka yake Wayua, Wambua, ndiye aliyelifunga mlangoni, huku Muema akiwa nje ya ua anamwelekeza kwa sauti bila kuona kinachofanyika.

"Nilimwambia aache nafasi kidogo kwa tundu," Muema analalamika akiipiga teke pikipiki ambayo haitaki kuwaka. "Akaniambia ameacha. Nikamuuliza nafasi kama gani. Akaniambia ya kutosha. Sasa ya kutosha ni kama gani? Na mimi siwezi kuingia kuangalia." Anapiga teke tena. "Hata hii nayo leo imejifungia."

Kalama, boma la Kalunde lina watu kama la harusi. Akina mama wameketi kwenye viti vya plastiki kwenye kivuli cha jiko, chai imeshagawiwa. Mbele yao ni nyumba ya matofali ya udongo yenye mlango wa mbao unaofungukia nje. Umefungwa. Madirisha yana vyuma vizito, navyo ni vya Muema, vya enzi za mageti.

Mwenyekiti wa mwethya ni Munyiva, mwanamke mrefu ambaye hamalizi sentensi kabla ya kumchoma mtu nayo.

"Fundi, karibu sana," anasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tumeona vile komeo inafunga. Sasa tunangoja ile ya kufungua."

Wanacheka hadi chai inamwagika. Muema anasimama kwenye ua wa minyaa, umbali wa heshima, na kumwita Wambua. Wambua anakuja na shoka begani.

"Shemeji, imekuwaje?"

"Jana jioni mama alifunga komeo kama kawaida. Halafu akaegemeza gunia za ndengu kwa mlango. Asubuhi zikateleza."

Magunia yalikuwa sita, yamejaa pomoni, na yote sita yameulalia mlango. Mlango unasukumwa nje kwa uzito huo, na ufito wa komeo umebanwa ndani ya lile tundu lisilo na nafasi. Kipini hakiinuki.

"Sasa kama ana komeo, gunia ilikuwa ya nini?" Muema anauliza.

"Alisema komeo ni ya kuzuia mwizi, na gunia ni ya kuzuia komeo."

Muema anaziba uso kwa mikono yote miwili.

Dawa anaijua. Aliye nje ausukume mlango kuelekea ndani kiasi tu, kusudi ufito ulegee, na wakati huo huo aliye ndani ainue kipini. Ukisukuma haba, haulegei. Ukizidisha, unabana upande wa pili. Kiasi chenyewe hujulikana kwa mwili wa mtu aliyezoea, na hapa aliyezoea ni mmoja. Anatembea hadi mlangoni, anaweka bega.

"Wayua, mwambie mama ainue kipini."

"Mama, inua."

Hakuna kitu. Munyiva anachungulia dirishani. "Hayuko mlangoni huyo. Amesikia ni mkwe, amekimbilia kona ya mwisho na kujitupia leso kichwani."

Muema anarudi kwenye ua. Mara kipini kinasikika kikitikiswa: Kalunde amerudi mlangoni. Muema anasogea tena. Nyayo zake zinasikika, na za mama zinasikika zikiondoka. Anarudi nyuma, mama anakuja. Anakuja, mama anarudi nyuma. Mlango mmoja unahitaji watu wawili, na watu hao wawili ndio pekee katika boma zima ambao hawawezi kuukaribia kwa pamoja.

Mara ya tatu Muema anavua viatu na kunyata kwa soksi.

"Mwaitu," Munyiva anaita kupitia dirishani, "amevua viatu, yuaja."

Nyayo za ndani zinakimbia. Akina mama wamelaza vichwa magotini kwa kicheko.

"Mama Mwenyekiti," Muema anasema, "wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa komeo. Nimekuja kuliona."

Anajaribu njia nyingine. Anasimama kwenye ua na kumwelekeza Wambua. "Sukuma kidogo. Kidogo, nimesema." Wambua anausukuma mlango kama anayeondoa lori kwenye matope. Mbao zinalia, na kutoka ndani inakuja sauti ya Kalunde, ya ukali usiolingana na umri wake.

"Wewe Wambua, umeibana zaidi. Kwani unasukuma ng'ombe?"

Wambua anajipangusa jasho na kuliinua shoka. "Shemeji, mimi nimechoka. Mlango ni wa mama yangu. Naupasua, nitamnunulia mwingine."

"Ngoja."

"Nimengoja tangu asubuhi."

"Ukiupasua," Munyiva anasema, "sisi tutakuwa tumeona tulichokuja kuona. Kila nyumba itabidi inunue komeo na shoka." Anasimama na kukung'uta sketi. Mama mmoja anaokota mkoba wake. Mwingine anarudisha kikombe jikoni. Muema anaviangalia viti vikianza kubaki vitupu.

Halafu anaenda mlangoni. Hanyati. Anageuka na kuketi chini kwenye kizingiti, mgongo ameuegemeza kwenye mbao, uso umewaelekea akina mama. Na anaanza kuongea.

"Wewe mlango, mimi nimechoka na wewe," anasema. Sauti yake si kubwa, lakini waliosimama wanageuka kusikiliza. "Siongei na mtu hapa. Fundi huongea na kazi yake, hata daktari wa ng'ombe huongea na ng'ombe. Umeshikwa vibaya na si kosa lako. Si kosa la mwenye gunia pia, mtu analinda jasho lake. Lakini hawa wakienda, wewe mlango, Ijumaa nitarudi Syokimau. Niko na mtoto alinijulisha kwa jirani kama mgeni. Wewe huna mtoto, huwezi kujua."

Anakohoa kidogo.

"Nimekupa mgongo. Sitageuka. Kama kuna mtu yuko karibu na wewe huko ndani, na yeye akikupa mgongo, si kutakuwa hakuna aliyemwona mwenzake?"

Wambua ameshusha shoka. Munyiva amerudi kitini.

Ndani leso inachakarisha, nyayo zinakuja pole pole, na kitu kinaegemea mbao kutoka upande wa pili. Sauti ya Kalunde inatoka chini chini.

"Wewe gunia, umeniharibia asubuhi yangu. Nasikia huko nje kuna fundi anaongea na mlango, sijui anauambia nini, hayo si mambo yangu. Lakini mlango ukisogea kidogo, mimi nitakuwa nimegeukia ukuta wa nyuma, na mkono wangu uko nyuma yangu hapa, kwa kipini."

Muema anakaza visigino kwenye udongo na kusukuma kwa mgongo.

"Wewe mlango, imetosha?"

"Wewe gunia, bado."

"Na sasa, mlango?"

"Gunia, umezidi. Rudi."

"Hapo?"

"Kidogo tena, gunia. Pole pole. Kwani unakimbilia wapi?"

"Mlango, mimi sikimbilii popote."

"Hapo, gunia. Usipumue."

Tak.

Kipini kimeinuka. Ufito unateleza, na kabla Muema hajasimama, magunia yanaufungua mlango kwa niaba ya wote. Mlango unampiga mgongoni na kumbingirisha hadi karibu na viti, gunia moja linapasuka mshono, na ndengu zinamfuata kama mvua ya mawe. Muema hageuki. Anatambaa kuelekea kwenye ua, uso mbele, ndengu zikimwagika kutoka kwenye kola, huku akina mama wakipiga vigelegele. Kalunde anasimama mlangoni, leso imemfunika hadi puani, akiutazama ukuta wa jiko.

"Mwaitu," Munyiva anamuuliza, "mkwe wako amekusemesha?"

"Mimi?" Kalunde anasema. "Hajanisemesha. Amesema na mlango. Sijawahi kusikia mwanamume aliye na mengi ya kuambia mlango."

Hakuna mbuzi wa faini aliyetajwa, na kwa mambo ya nthoni hilo si jambo dogo.

Mwethya ulikaa kikao pale pale, dakika chache tu. Munyiva ndiye aliyemletea Muema uamuzi kwenye ua. Wamelikubali komeo. Kila nyumba itawekewa, na wataanza kabla ya mavuno.

"Tumeona kwa macho yetu," alimweleza. "Kama mwenye nyumba mwenyewe ameshindwa kutoka, na mwanawe ameshindwa, na fundi ameshindwa, sasa mwizi ataingilia wapi?"

"Lakini si hiyo ndio kazi yake," Muema alisema. "Kazi yake ni kufunguka pia."

"Fundi, usituharibie. Tumeshakubali."

Waliweka sharti moja. Wambua asishike drili tena katika kata hiyo. Atakayefunga makomeo ni Wayua, maana yeye anaingia nyumba yoyote, na katika nyumba hizo zaidi ya hamsini hakuna mwanamke atakayemkimbia hadi kona ya mwisho.

Siku iliyofuata Muema alimpigia mwanakandarasi wa Syokimau. Hakungoja Ijumaa. Tangu hapo, kila jioni Wayua husimama kwenye karakana ya Mumbuni akitoboa fremu chakavu, na Muema humtazama akijizuia kusema.

"Anatoboa vizuri kuliko mimi," anakiri kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Tena ananiambia nisimame mbali, nisimharibie mkono. Karakana yangu, drili yangu, na nimeambiwa nisimame mbali."

Amebadilisha kitu kimoja. Kila Kaa Hapo sasa linatoka na kipande chake cha bati nene chenye tundu lililokwisha tobolewa, cha kupigiliwa kwenye fremu, kusudi pasiwe na shemeji wa mtu yeyote atakayeulizwa nafasi ya kutosha ni kama gani. Kazi ya mwethya ikiisha, anataka kukodi chumba cha pili na kuandika jina la Wayua mlangoni pamoja na lake. Na anataka simu mbili.

"Moja ya wanaonunua," anasema. "Moja ya wanaojifungia. Hiyo ya pili nitampa Mutanu. Yeye hucheka nao, mimi nimechoka."

Makala haya yangeishia hapo. Lakini Muema alikataa yachapishwe kabla hayajasomwa mbele ya wenyewe, asije akasemwa amemvunjia mama mkwe heshima gazetini. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, mwandishi alikwenda Kalama na kuyasoma kwa sauti uani. Muema alisikiliza akiwa nje ya ua. Wayua aliketi katikati. Kalunde alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu.

Kila kitu kilikwenda vizuri hadi kwenye magunia.

"Wayua," Kalunde aliita. "Muulize huyo mzee wa gazeti, gunia sita alizionea wapi."

Mwandishi, ambaye si mkwe wa mtu hapo na anaweza kujibu mwenyewe, alisema aliyaona kwa macho yake, yamejaa pomoni.

"Mwambie aingie azihesabu."

Aliingia. Yalikuwa magunia mawili, moja limeshonwa upya mdomoni. Aliyatazama, akatazama nyuma ya pazia, akasema huenda manne yameuzwa.

"Sijauza hata kikombe," Kalunde alisema. "Uliapa mbele ya padri, uliapa mbele ya pasta. Mimi sitakupeleka kwa yeyote. Umesema sita, utabeba sita. Hizi ndengu zinataka jua."

Alipinga kwamba magunia ni mawili tu. Kalunde akamweleza utaratibu: mawili yatoke nje, mawili yarudi ndani, mawili yatoke tena. Wayua akaufungua mlango wote na kuzuia kuku.

Mwandishi alivuta, akabeba, akabingirisha, akapumzika, akabeba tena. Muema alisema angependa sana kumsaidia, lakini nyumba hiyo haingii. Gunia la sita lilipotua juani, Kalunde alikuwa ameshatandika turubai, na mwandishi alibaki ameinama vile vile alivyolitua. Muema alimtazama kwa muda kutoka nje ya ua, kwa jicho la mtu wa vyuma, akamuuliza anyooshwe kwa nyundo au kwa moto.